"Mwisho ngapi?": Kupatana bei mtandaoni, kati ya hofu ya kupigwa na hofu ya kulaliwa

Nilipohama Sinza, Dar es Salaam, nilikuwa na friji ya milango miwili ambayo isingepita kwenye mlango wa jiko la nyumba mpya. Nikaipiga picha, nikaandika ina miaka mingapi, kwa nini naiuza, kwamba mpira wa mlango wa chini umeshabadilishwa, kisha bei: 450,000, maongezi yapo. Kufikia usiku nilikuwa na meseji 19. Zaidi ya nusu zilikuwa za maneno mawili tu: "Mwisho ngapi?" Mmoja, bila hata salamu, aliandika "200 keshi leo". Mwingine aliuliza kama bado ipo, nikajibu ipo, na mpaka leo hajasema kitu.

Siku ya pili nilikuwa nimeshaanza kuwachukia watu nisiowajua. Mchana huohuo, nikiwa natafuta pazia, nikakuta ukurasa wenye pazia zuri la kijani lisilo na bei. Chini yake watu wengi walikuwa wameuliza bei, na wote wamejibiwa neno moja: "Inboksi." Nikaenda inboksi nikaandika: "Pazia la kijani mwisho ngapi?" Meseji ilipokwishaondoka ndipo nikajiona. Salamu sikuweka hata mimi.

Wauzaji wa mtandaoni wana malalamiko yao, na ukikaa nao utayasikia yote ndani ya dakika kumi: wateja wasumbufu, wanaouliza bei kama wanavyouliza hali ya hewa, wanaokubaliana leo na kesho simu haipokelewi. Wanunuzi nao wana ya kwao: bei zinafichwa, picha ni za bidhaa nyingine, ukiuliza mara mbili unajibiwa kama unaomba msaada. Nikiyaweka pamoja naona yote yanarudi kwenye hofu mbili ambazo Kiswahili cha mtaani kimeshazipa majina. Mnunuzi anaogopa kupigwa, yaani kulipa kuliko kitu kinavyostahili. Muuzaji anaogopa kulaliwa, yaani kuachia mali yake kwa bei ya dharau. Hofu hizi zipo pia Kariakoo, tena tangu zamani. Lakini soko la ana kwa ana lina njia zake za kuzituliza. Mtandao umezichukua hofu zote mbili ukaziacha njia hizo nyuma.

Bei tatu za friji moja

Tuanze na hesabu. Friji yangu ilikuwa na bei tatu. Ya kwanza ni ya tangazo, 450,000, ambayo kila mtu aliiona. Ya pili ilikuwa moyoni mwangu: chini ya 380,000 ningemwachia mdogo wangu bure kuliko kuiuza. Ya tatu ilikuwa moyoni mwa mnunuzi. Tuseme kuna mtu huko Tabata ambaye akibanwa kabisa angeweza kutoa 410,000. Kati ya 380,000 na 410,000 kuna uwanja wa shilingi 30,000, na tukipatana popote ndani yake kila mmoja wetu atakuwa amefaidika. Kupatana bei ni kugombania mgawanyo wa hiyo 30,000 tu.

Tatizo ni kwamba uwanja huo hatuuoni. Mimi najua mpaka wangu, yeye anajua wa kwake, na kila mmoja ana sababu nzuri ya kuudanganya. Mwaka 1983 wanauchumi wawili, Roger Myerson na Mark Satterthwaite, walithibitisha kihesabu jambo ambalo madalali walikuwa wakilijua kwa uzoefu. Pale kila upande unapoijua bei yake ya moyoni peke yake, na haijulikani kwa hakika kama uwanja wa kupatana upo, hakuna utaratibu wowote utakaohakikisha kwamba kila biashara yenye faida kwa wote inafungwa, labda atokee mtu wa tatu atie pesa zake. Baadhi ya biashara nzuri lazima zife. Kwa hiyo yule wa Tabata aliyeandika 350,000, nami nikamjibu "haiwezekani kaka", yawezekana alikuwa na 410,000 mfukoni. Hatukukosana kwa ubaya wa mtu. Tulifichana mpaka tukapotezana.

Sasa litazame swali la "mwisho ngapi?" kwa jicho hilo. Anayeuliza anamwomba mwenzake aweke karata zake mezani, zote, zikiwa wazi, huku yeye ameshikilia za kwake kifuani. Muuzaji akisema kweli, "mwisho 380", hiyo ya mwisho inageuka kuwa ya kuanzia: "Fanya 330 nije sasa hivi." Akisema uongo, "mwisho 430", mwenye 410 anaondoka. Hakuna jibu lenye faida kwake, ndiyo maana wengi hujibu kwa ukali au hawajibu. Ila mnunuzi naye hakuliuliza kwa ufidhuli. Ameona bei iliyoandikwa "maongezi yapo", na kwake maana yake ni moja: bei hii si ya kweli, ya kweli ipo nyuma ya pazia. Anaomba pazia lifunguliwe.

Kinachofanyika Mtaa wa Kongo

Ukienda Mtaa wa Kongo pale Kariakoo kutafuta gauni, kabla hujataja bei umeshalipa nauli, umeshapigwa jua, umeshasukumwa na mkokoteni. Muuzaji anayaona hayo yote usoni mwako. Naye ameshakuteremshia magauni saba kwa ile fimbo yenye ndoano, ameshakuambia hili limekukaa kama lilishonwa kwa ajili yako. Nyote wawili mmewekeza. Anataja 60,000, unacheka, unasema 25,000, naye anacheka. Kicheko kile ni ruhusa ya kuendelea: tumeelewana kwamba hakuna aliyetukanwa.

Halafu unafika wakati wa kuondoka. Unageuka, unapiga hatua tatu za polepole. Akikuita, "Njoo basi dada, leta 35", umepata habari ya kweli kuliko zote zilizosemwa tangu umeingia: 35,000 inamlipa. Asipokuita, umejua pia. Kuondoka ni namna ya kuuliza swali kwa miguu, na jibu lake ni vigumu kulidanganya, kwa sababu atakayeacha kukuita kwa maringo anaweza kukupoteza kweli.

Mtandaoni miguu haipo. Kuondoka kwako ni kunyamaza, na kunyamaza kuna maana ishirini. Bando limekwisha, au umelala, au bosi ameingia ofisini, au umepata kwingine, au umekasirika. Muuzaji hajui akuite au asikuite. Akikuandikia tena kesho, "Dada vipi, bado unalitaka gauni?", unaanza kushuku. Si tulifundishwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza? Kile kile ambacho Kariakoo ni wito wa kawaida kinageuka mtandaoni kuwa dalili ya mali isiyotoka.

Na kuna suala la gharama ya kuuliza. Soko la Facebook, lililoanzishwa mwaka 2016, limeweka chini ya bidhaa meseji iliyokwisha kuandikwa ya kuuliza kama kitu bado kipo, unabonyeza tu. Mtu aliyelala kitandani anaweza kuuliza wauzaji kumi na tano kabla hajanywa chai. Swali ambalo halimgharimu anayeuliza halimwambii kitu anayeulizwa. Muuzaji akishapata maswali mia kwa kila mauzo matatu, anaanza kujibu kwa neno moja. Mnunuzi wa kweli, mmoja wa wale watatu kati ya mia, anapokea jibu la neno moja na kusema huyu ana maringo. Naye anaanza kuuliza wauzaji wengi zaidi, kwa maneno machache zaidi.

Hapo ndipo ninapowaelewa watu wa Pwani wanaokasirishwa na bei inayoulizwa bila salamu. Nilidhani ni adabu tu. Lakini salamu ndefu mtandaoni inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na jua na nauli, inaonyesha kwamba kuna mtu upande wa pili aliyetumia muda wake. Kati ya wale 19, mama mmoja aliandika: "Habari za jioni mwanangu. Nimeiona friji yako, naipenda kwa ajili ya kuuzia barafu. Nauliza kama inagandisha vizuri umeme ukiwa mdogo, na kama bei unaweza kunisaidia kidogo." Sikumjibu kama nilivyowajibu wengine. Niliijibu kila sentensi.

Punguzo ni bima

Watu wengi hudhani anayeomba punguzo anataka kuokoa pesa. Ni kweli, lakini kwa bidhaa iliyotumika kuna kitu kingine kizito zaidi. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyokuja kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili. Alichosema ni hiki: muuzaji anajua gari ni zima au bovu, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi hutoa bei ya kati, inayochanganya hofu na matumaini. Bei hiyo ya kati inamuumiza mwenye gari zima, naye anajiondoa sokoni. Wanaobaki ni wenye mabovu. Wanunuzi wakiligundua hilo wanashusha tena, na soko linaendelea kuoza.

Chukua simu iliyotumika. Kwenye picha huoni betri inayokufa saa nane mchana, wala kioo kilichobadilishwa na fundi. Huoni kama ni ya wizi. Unaweza kumwambia muuzaji abonyeze *#06# akutumie namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, uihakiki, lakini hata hilo linahitaji muuzaji mwenye subira. Kwa hiyo unaomba ipunguzwe 50,000. Hiyo 50,000 ni bima: ikitokea kasoro, umeshajilipa fidia mapema.

Muuzaji naye ana bima yake. Anajua kila mtu ataomba apunguziwe, basi anaongeza ya kupunguzia kabla hajaandika tangazo. Anajua kati ya watano watakaosema "nakuja" atakuja mmoja, basi anaongeza kidogo kwa usumbufu. Mwisho wake kitu kimoja kinabeba bima mbili, moja juu ya nyingine, na kila upande unaiita ya mwenzake ulaghai. Anayeumia ni aliyeanza na bei ya kweli. Rafiki yangu aliuza meza ya kusomea akaandika bei halisi na neno "haipungui". Watu walimwona mkaidi, wakaenda kununua mfano wa meza ileile kwa mtu aliyeandika bei kubwa zaidi akapunguza mpaka palepale. Walifurahi kupunguziwa. Bei waliyolipa ilikuwa ileile.

Kinachopunguza mvutano huu ni kuiondoa hofu yenyewe, kwa sababu maneno matamu ya kubembeleza bei hayaigusi. Muuzaji akituma video fupi ya friji ikiwa imewashwa, mlango ukifunguliwa, barafu ikionekana, sehemu ya bima ya mnunuzi inakosa kazi. Akikubali malipo baada ya kupokea mzigo, hofu imehama: sasa ni yeye anayebeba hatari ya bodaboda kwenda Bunju na kurudi na mzigo kwa sababu mteja "alibanwa na dharura". Hapa ndipo wanunuzi tunapokosea sana. Tunataka kulipa baada ya kupokea, tunataka haki ya kurudisha, kisha tunataka na punguzo lilelile ambalo tungelidai kama tungelipia kabla. Tumeshapunguziwa, ila punguzo halikuja kwa shilingi.

Kwa nini bei iko inboksi

Nimewauliza wauzaji watatu ninaofahamiana nao kwa nini hawaandiki bei. Nilipata sababu za maana. Mmoja anauza vitambaa vya kutoka nje, na bei yake inapanda na kushuka na dola. Akiandika leo, wiki ijayo mtu anamletea picha ya tangazo la zamani. Mwingine anawaogopa wauzaji wenzake, kwamba ukiandika 45,000 jirani ataandika 44,000 jioni hiyohiyo. Wa tatu alikuwa mkweli zaidi: kila anayeuliza "bei?" chini ya picha anaupandisha ukurasa, basi kwa nini amnyime mtu sababu ya kuuliza?

Kuna sababu ya nne ambayo hakuna aliyeitaja mpaka nilipoitaja mimi, wakacheka. Kabla ya kukujibu, muuzaji anafungua picha yako. Umesimama mbele ya gari? Uko hotelini ufukweni? Una cheo kwenye maelezo yako? Bei ya pazia inaanza kupata sura yako. Hili wenyewe tunalijua vizuri kwa wageni. Mtalii anayeulizia kikoi Darajani Zanzibar, au kinyago kwenye soko la Wamasai Nairobi, hatajiwi bei anayotajiwa mwenyeji. Mtandao umetufanya sote tuwe watalii kidogo. Namjua dada mmoja, mwenye kazi nzuri benki, ambaye bei zote huziulizia kwa simu ya binti anayemsaidia nyumbani. Anasema tofauti inatosha kulipa bando la mwezi.

Je, ni wizi? Sioni hivyo moja kwa moja. Muuzaji anayempiga mwenye gari ndiye huyohuyo anayemwachia mwanafunzi kwa bei ambayo karibu haimlipi. Ukimlazimisha atoze wote sawa, huenda mwanafunzi ndiye atakayekosa. Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine. Sokoni, unapobishania nyanya, sikio lako lina habari: umesikia mama aliyekutangulia amelipa ngapi, na muuzaji anajua umesikia. Inboksi kila mteja yuko kwenye chumba chake, mlango umefungwa, na mwenye funguo zote ni mmoja. Yeye anajua wateja hamsini wamekubali kiasi gani. Wewe unajijua wewe tu. Kwa hiyo unaomba punguzo kipofukipofu, na hata ukipewa huridhiki.

Mamilioni ya watu wakibishana kwa maandishi

Mara chache kuna kumbukumbu za watu wakipatana bei, kwa sababu maneno ya sokoni hupeperuka. Lakini eBay, soko la mtandaoni la Marekani, iliongeza mwaka 2005 kitufe kinachomruhusu mnunuzi kupendekeza bei yake, muuzaji akubali, akatae, au ataje nyingine. Kila hatua iliandikwa. Watafiti wanne, Matthew Backus, Thomas Blake, Brad Larsen na Steven Tadelis, walichambua matangazo zaidi ya milioni 25 ya aina hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2020.

Kama theluthi moja ya mashauriano yaliishia kwenye makubaliano ya papo hapo. Mengi ya yaliyobaki ama yalichelewa au yalivunjika, mengine baada ya pande mbili kuzungushana kwa raundi kadhaa na kuachana mikono mitupu. Lakini lililonivutia ni mambo mawili ambayo nadharia za uchumi zilishindwa kuyaeleza vizuri, na mama yangu angeyaeleza bila shida. La kwanza, ukilegeza nami nalegeza. La pili, watu wanapenda kukutana katikati, pale hasa katikati, kati ya bei mbili za mwisho zilizotajwa. Bei ya katikati hukubaliwa kwa namna ambayo jirani zake hazikubaliwi. Inaonekana ni ya haki, ingawa haki hiyo imesimama juu ya bei mbili ambazo zote zilikuwa za kujifanya.

Na hapo yule bwana wa "200 keshi leo" anaanza kueleweka. Katikati ya 450 na 200 ni 325. Amepiga hesabu, hakunitukana. Angeanza na 380, katikati ingekuwa 415. Kwa hiyo kuanza chini kabisa kuna faida, mradi mwenzako asikasirike akaondoka, na mtandaoni kuondoka hakumgharimu kitu. Mwenye akili upande wa pili ataandika 600,000. Kila mmoja anasogea mbali zaidi ili katikati isogee upande wake, mpaka tangazo na ofa vinakuwa havihusiani tena na friji.

Watatu kati ya hao wanne, bila Larsen, walikuwa wamechunguza kwenye soko hilohilo jambo jingine dogo lenye utamu wake: bei zenye namba za mviringo. Vitu vilivyotangazwa kwa mamia kamili ya dola vilipata ofa zilizo chini kwa asilimia 5 hadi 8 kuliko vilivyoandikiwa bei isiyo ya mviringo iliyo karibu nayo, lakini ofa hizo zilifika mapema kwa siku 6 hadi 11, na uwezekano wa kuuzika ulikuwa mkubwa kidogo. Anayeandika 500 kamili anasema bila kusema: nina haraka, njoo tuongee. Anayeandika 487 anasema nimepiga hesabu zangu. Sina takwimu za shilingi mkononi, lakini tangu niyasome hayo naitazama 450,000 yangu kwa macho mengine. Ilikuwa inapunga mkono.

Kuna wanaosema dawa ni bei isiyopungua, yamalizike. Historia yake ina kisa chake. Katika karne ya 17 huko Uingereza, Waquaker, ambao Afrika Mashariki tunawajua zaidi kama Kanisa la Marafiki, waliona kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni uongo wa waziwazi, basi wakataja moja tu. Wateja waligundua kwamba wanaweza kumtuma mtoto dukani asipigwe. Maduka makubwa ya karne ya 19, kama Bon Marché la Paris, yakaeneza kibandiko cha bei kwa sababu nyingine kabisa: ukiwa na wauzaji mamia walioajiriwa, huwezi kumwachia kila mmoja abishane kwa mali yako. Bei isiyopungua, basi, inamfaa mwenye duka lenye mali nyingi za aina moja na jina la kulinda. Kwetu maduka ya mtandaoni ya namna hiyo yapo, na mengine yamekuja yakaondoka. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Mwaka huohuo Jiji, iliyoanzia Nigeria, ilichukua biashara ya OLX katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, na huko watu hupatana. Sisemi moja limesababisha jingine. Ila friji yangu ni moja tu duniani yenye mpira uliobadilishwa, na kitu cha namna hiyo hakina bei ya kubandikwa.

Mlangoni

Wa kwanza kufika alikuwa kijana tuliyepatana 420,000 kwa simu. Alikuja na kirikuu, akaitazama friji, akafungua, akafunga, akasema: "Mkuu, hapa nina 350."

Wauzaji wote wanaujua wakati huu. Mnunuzi anajua umeshawaambia wengine imeuzwa. Wewe unajua ameshalipia gari. Kila mmoja amemshika mwenzake pabaya, na atakayekuwa na haraka zaidi ndiye atakayelegea. Nilikasirika nikamwambia tulishakubaliana. Baadaye nikajiuliza: tulikubaliana kweli?

Kisheria tangazo si ahadi ya kuuza. Mwaka 1968 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Partridge dhidi ya Crittenden, ilisema tangazo la kuuza ndege wa kufugwa lililochapishwa kwenye jarida lilikuwa mwaliko tu wa watu kuja kutoa ofa. Na mwaka 1840, katika Hyde dhidi ya Wrench, mtu aliambiwa shamba ni pauni 1,000, akasema 950, akakataliwa, kisha akarudi akasema basi naikubali ile 1,000. Mahakama ikasema umechelewa: ulipotaja 950 uliiua ile ya 1,000. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo inataka kukubali kuwe kamili, bila masharti. Wengi wetu tunadhani bei ya kwanza inatusubiri pale pembeni tunapojaribu ya chini. Haitusubiri.

Kwa simu, basi, mimi na yule kijana tulikuwa tumesema 420,000 na wote tukasema ndiyo. Lakini alikuwa hajakiona kitu. Waislamu wa Pwani wana kipimo kizuri hapa, hadithi ya Mtume isemayo kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana. Zamani kuachana kulikuwa wazi: umetoka dukani. Watu wawili wa WhatsApp wanaachana lini? Wanapomaliza kuandikiana, au pesa inapoingia, au mzigo unapofika na kufunguliwa? Nadhani ugomvi mwingi wa mlangoni unatoka hapa. Muuzaji anahesabu kwamba wameachana kwenye simu. Mnunuzi anahesabu kwamba hawajakutana bado. Nikiuza tena nitasema mapema: hii ni bei ya ukiikuta kama kwenye video, ukikuta kasoro nisiyoitaja, tutaongea, usipoikuta, hakuna maongezi mlangoni.

Kijana aliondoka na kirikuu tupu, nami sikumwita. Sijui alitembea polepole au haraka, maana alikuwa ndani ya gari.

Friji ilichukuliwa na yule mama wa barafu, kwa 415,000, na kirikuu tukakilipia nusu kwa nusu. Hakuniuliza mwisho ngapi. Aliuliza 450 ina nini ndani yake, nikamwambia, akasema basi hapa na hapa nisaidie. Siku nne baadaye akaandika: "Habari mwanangu. Friji inagandisha vizuri, Mungu akubariki. Ila mlango wa juu unalia ukifunguliwa, hukuniambia." Ni kweli, ulikuwa unalia. Nilikuwa nimeuzoea mpaka nikaacha kuusikia. Nikamtumia 5,000 ya fundi, akairudisha, akaandika: "Ya nini? Nilikuwa nakuarifu tu."

Pazia la kijani sijajibiwa bado.